Matoleo ya Ubuntu Ambayo Wakongwe Hawajayasahau

Tarehe 24 Aprili 2008 kampuni ya Canonical ilitoa toleo la 8.04 la mfumo endeshi wa Ubuntu, ikalipa jina la Hardy Heron. Kompyuta ilipowaka, skrini ilijaa rangi ya kahawia na chungwa, na juu yake mchoro wa korongo wa mistari myembamba. Toleo hilo lilikuwa na kasoro zake. Mfumo mpya wa sauti, PulseAudio, ulizinyamazisha spika za watu wengi, na kivinjari chake, Firefox 3, kilikuwa bado kwenye majaribio. Lakini wakongwe wa Ubuntu wanapoulizana ni toleo gani walilipenda kuliko yote, korongo huyo hutajwa mapema, na mara nyingi hutajwa pamoja na 10.04 na 14.04.

Orodha hiyo fupi inastahili kuangaliwa kwa makini. Matoleo yaliyoleta mageuzi makubwa hayamo. Yaliyomo ni yale yaliyopokea kazi iliyoanza miaka miwili mitatu nyuma, yakaikamilisha, kisha yakawaacha watu waendelee na shughuli zao.

Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, Afrika Kusini. Desemba 1999 aliiuza Thawte, kampuni yake ya vyeti vya usalama wa intaneti, kwa VeriSign ya Marekani kwa takriban dola milioni 575. Aprili 2002 alipanda chombo cha Soyuz, akawa raia wa kwanza wa nchi ya Afrika kufika anga za juu. Miaka miwili baadaye alikusanya wataalamu waliobobea katika Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, akaweka nao msingi wa Ubuntu. Debian ilisifiwa kwa uimara wake, ila ilikuwa na mwendo wa pole sana: toleo lake la 3.0 lilitoka Julai 2002, na lililofuata halikuonekana hadi Juni 2005. Ubuntu iliahidi toleo jipya kila baada ya miezi sita. La kwanza, 4.10, lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004. Namba yenyewe ni tarehe: 4 ni mwaka, 10 ni mwezi.

Ahadi ya miezi sita iliwavuta wengi, na ndiyo iliyowachosha wengi. Kila nusu mwaka kulikuwa na jambo jipya, na kila jambo jipya liliweza kuvunja jambo la zamani: leo kadi ya waifai inakubali, baada ya kupandisha toleo inagoma. Dawa ilipatikana katika 6.06, Dapper Drake. Lilipangwa kutoka Aprili 2006, lakini liliahirishwa kwa wiki sita ili likamilishwe vizuri, likatoka tarehe 1 Juni. Ni toleo pekee la Ubuntu lililokosa mwezi wake, na ni la kwanza kuahidiwa matunzo ya muda mrefu: miaka 3 ya marekebisho ya usalama kwa kompyuta za mezani, miaka 5 kwa seva. Pia ndilo la kwanza ambalo mtu aliweza kuweka diski, akaijaribu Ubuntu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta, kisha, akiridhika, akaisakinisha kwa kubofya tu. Kabla ya hapo usakinishaji ulipitia kurasa za maandishi kwenye skrini ya buluu, na wengi waliogopa hapo hapo wakaishia njiani. Ukiniuliza ni toleo gani muhimu kuliko yote katika historia hii, nitataja 6.06 bila kusita, ijapokuwa si hilo linalotajwa kwanza linapokuja suala la mapenzi.

Watu wa Afrika Mashariki wana sehemu yao katika hadithi hii. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009 ukizihudumia Kenya na Tanzania, na kabla yake intaneti ya ukanda huu ilipita kwenye setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Diski moja ya Ubuntu ilibeba takriban megabaiti 700. Kupakua kiasi hicho kwenye kibanda cha intaneti kilichotoza kwa dakika lilikuwa jambo ambalo watu wachache waliweza kulimudu. Canonical ilikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt: mtu aliandika jina na anwani yake, na diski zikamfikia kwa posta bila malipo yoyote, popote duniani. Katika Ubuntu za miaka ile kulikuwa na folda ya mifano, na ndani yake video fupi ya Nelson Mandela akieleza maana ya neno ubuntu, yaani utu. Huko Afrika Kusini, Shuttleworth Foundation iliweka mashine zilizoitwa Freedom Toaster mahali pa umma; mtu alileta diski tupu na kuondoka nayo ikiwa na programu huria.

ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Mpaka siku hiyo, historia ya Ubuntu kwetu ilikuwa historia ya sanduku la posta na ya mtu mmoja kumwazima mwenzake diski. Naona hapo pana sababu nyingine ya matoleo ya matunzo marefu kushika mizizi huku. Diski iliyozunguka kwa marafiki mwaka mzima ilipaswa kuwa ya toleo ambalo bado lingekuwa hai litakapomfikia wa mwisho.

Mwaka huo huo wa 2004 Ubuntu ilipozaliwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. OpenOffice ndiyo iliyokuwa programu ya ofisi ya Ubuntu mpaka LibreOffice ilipochukua nafasi yake mwaka 2011. Kazi ile ya Dar es Salaam haisemwi vya kutosha. Ilithibitisha mapema kwamba menyu, faili na jedwali vinaweza kuzungumza Kiswahili bila kumsubiri mtengenezaji wa ng'ambo atoe ruhusa.

Hardy Heron, basi, ilikuwa toleo la pili la matunzo marefu. Ilikuja na Wubi, programu iliyowezesha kuisakinisha Ubuntu ndani ya Windows kama mtu anavyosakinisha programu nyingine yoyote, na kuiondoa vivyo hivyo. Kwa mwenye kompyuta moja ya familia, ambayo kuiharibu kungeleta kesi nyumbani, Wubi ilikuwa mlango salama. Sura ya skrini ilikuwa ya GNOME 2: ukanda mmoja juu wenye menyu tatu, moja ya programu, moja ya mahali pa mafaili, moja ya mipangilio, na ukanda mwingine chini wenye madirisha yaliyofunguliwa. Hapakuwa na cha kutafuta. Mtu aliyeizoea Windows XP aliielewa kwa asubuhi moja.

Sura hiyo ilifikia kilele chake katika 10.04, Lucid Lynx, tarehe 29 Aprili 2010. Rangi ya kahawia iliyodumu tangu 2004 iliondolewa, ikaingia zambarau. Kompyuta iliwaka haraka zaidi kuliko zamani. Kilichozua ugomvi ni vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha, vilivyohamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Watu walilalamika kwa mamia, na Shuttleworth akajibu bila kuzunguka kwamba uamuzi wa usanifu haupigiwi kura. Nadhani alikuwa na haki ya kusema hivyo, na nadhani pia ndiyo siku watumiaji wengi walipotambua kwamba mfumo wanaouita wao una mwenyewe. Hata hivyo vitufe vilizoeleka, na Lucid ikabaki kwenye kompyuta za watu hadi matunzo yake yalipokwisha Mei 2013. Iliendelea kubaki kwa sababu kilichokuja baada yake hawakukitaka.

Kilichokuja kiliitwa Unity. Oktoba 2010, kwenye mkutano wa watengenezaji huko Orlando, Shuttleworth alitangaza kwamba toleo la 11.04 lingeacha sura ya GNOME na kutumia sura ya Canonical yenyewe. Sababu zilikuwepo. Kompyuta ndogo za mapajani zilikuwa zimeenea, skrini zake fupi kwenda juu, na Unity iliokoa nafasi kwa kuhamishia programu kwenye ukanda wima wa kushoto. Canonical pia ilitazama mbele, kwenye simu na tabuleti. Lakini 11.04 ilitoka ikiwa mbichi. Menyu za madirisha zilihamia juu kabisa ya skrini, na zilijificha mpaka kipanya kizifikie. Aliyezoea ukanda wa chini hakuukuta. Oktoba mwaka huo, 11.10 iliiondoa sura ya GNOME 2 moja kwa moja.

Wengi wakahama. Linux Mint, mradi ulioanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu, ulipokea wahamiaji wengi. Mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 uliokuwa umeachwa na wenyewe, akauendeleza kwa jina la MATE. Jitihada kubwa kiasi hicho kwa ajili ya kanda mbili na menyu tatu huenda ikamshangaza mtu wa nje. Mimi hainishangazi. Sura ya skrini ni mahali pa kazi. Mkono unajua kila kitu kilipo kabla jicho halijatazama, na kuibadilisha ni kama kurudi jioni ukakuta jiko limehamishiwa chumbani.

Hali iliharibika zaidi mwaka 2012, pale 12.10 ilipoanza kuonyesha bidhaa za Amazon kila mtu alipotafuta faili lake mwenyewe kwenye Unity. Richard Stallman, baba wa programu huria, aliita jambo hilo upelelezi. Alikuwa sahihi. Matangazo hayo yaliendelea kwa miaka kadhaa kabla ya kuzimwa kama mpangilio wa kawaida katika 16.04.

Kwa kumbukumbu hizo, mtu angetarajia kwamba hakuna toleo la Unity litakalopendwa kamwe. Ikaja 14.04, Trusty Tahr, tarehe 17 Aprili 2014. Hili ndilo toleo ninaloliona bora kuliko yote waliyowahi kutoa. Aliyependa menyu ndani ya dirisha lake sasa aliruhusiwa kuirudisha. Kasoro za miaka mitatu zilikuwa zimesafishwa moja baada ya nyingine, bila kelele. Liliendesha kompyuta za miaka mitano sita nyuma bila kuzilemea, na bado lilikuwa na diski ya mashine za biti 32, jambo lililokuwa na uzito mkubwa mahali ambapo kompyuta nyingi huingia zikiwa zimeshatumika kwingine. Tangu 12.04 matunzo ya kompyuta za mezani yalikuwa yameongezwa kufikia miaka 5, kwa hiyo aliyeisakinisha Trusty hakulazimika kupandisha toleo hadi Aprili 2019. Mwanafunzi aliweza kuanza kidato cha kwanza nayo na kumaliza bado akiwa nayo.

16.04 iliendelea palepale, ikaruhusu hata ule ukanda wa kushoto uwekwe chini. Kisha tarehe 5 Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kwamba Canonical inaachana na Unity pamoja na ndoto ya simu. Mwaka 2013 kampuni ilikuwa imejaribu kuchangisha dola milioni 32 kwa ajili ya simu ya Ubuntu Edge, ikaahidiwa milioni 12 na kitu. Kuanzia 17.10 Ubuntu ikarudi GNOME, ambayo sasa ilikuwa GNOME ya tatu, tofauti kabisa na ile ya Lucid.

Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo mwaka 2011 hakuna ambaye angeyaamini: watu waliililia Unity. Wengine walikuwa walewale walioilaani. Kikundi cha UBports kiliichukua Unity ya simu kikaiendeleza, na mwaka 2022 Ubuntu Unity, kazi ya watu wa kujitolea, ilikubaliwa rasmi kuwa miongoni mwa matoleo ndugu, yaani Ubuntu zenye sura nyingine ya skrini. Ubuntu MATE, yenye sura ileile ya kanda mbili, ilikuwa imeshakubaliwa mwaka 2015. Ni nadra kwa sura ya kompyuta kufufuliwa na watumiaji wake. Ubuntu imeziona mbili zikifufuliwa.

Kuhusu matoleo ya karibuni nitasema machache, kwa kuwa bado hayajatulia katika kumbukumbu. 18.04 haikuwa tena na diski ya kawaida ya biti 32, na wenye mashine kongwe walikimbilia kwa ndugu zake wepesi. 20.04 inatajwa kwa heshima kwa sababu GNOME ilikuwa imeshapoza moto wake. 22.04 iliifungasha Firefox kwa snap, mfumo wa Canonical wa kufungasha programu, na watu wakaona kivinjari kikichelewa kufunguka. Linux Mint, ambayo bado hujengwa juu ya Ubuntu, ilikuwa imeshaufungia mlango mfumo huo tangu 2020.

Seva za Canonical zinahifadhi matoleo yote ya zamani, kuanzia 4.10, na yeyote anaweza kuyapakua. Ni hazina kubwa kwa anayetaka kuona mambo yalivyokuwa, ila toleo lililokwisha matunzo lisiunganishwe na intaneti, maana mianya yake inajulikana na hakuna anayeiziba. Kwa 14.04 mambo ni tofauti kidogo. Seva na mashine nyingi duniani zilikataa kuiacha kiasi kwamba kampuni iliongeza muda hadi miaka 10, kisha mwaka 2024 ikatangaza kuwa wateja wanaolipa wangeendelea kupata marekebisho yake hadi mwaka wa 12, yaani hadi Aprili 2026.