Sheria ya Simu na Lugha ya Msemaji: Kutoka Tarishi wa Kasongo hadi Kanuni za Mwaka 2023

Katika miaka ya 1870 na 1880, Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alipokuwa ameifanya Kasongo kuwa makao ya biashara yake katika Maniema, habari zilisafiri kwa miguu ya tarishi. Barua ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadhi kwa lugha ya Kiarabu na baadhi kwa Kiswahili, zikapitia Kabambare na kuvuka ziwa Tanganyika hadi Ujiji, Tabora na Unguja. Barua ya Kiswahili iliposomwa kwa sauti barazani, hata asiyejua herufi aliielewa. Yafaa kuanzia hapo, kwani historia ya sheria za mawasiliano nchini Kongo ni historia ya vyombo vilivyozidi kumkaribia mwananchi, huku kanuni zinazovitawala zikiandikwa katika lugha ambayo wengi hawaisemi.

Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893. Baada ya hapo njia za habari zikawa mali ya dola. Kati ya mwaka 1911 na 1913 Wabelgiji walijenga mfululizo wa vituo vya simu isiyo na waya kutoka upande wa bahari hadi Katanga, navyo vilihudumia utawala kwanza. Tarehe 23 Agosti 1940, wakati Ubelgiji wenyewe umekwisha kukaliwa na Wajerumani, utawala wa koloni ulitoa amri yenye nguvu ya sheria juu ya mawasiliano ya simu. Amri hiyo iliyaweka mawasiliano mikononi mwa dola. Uhuru wa mwaka 1960 haukuiondoa, wala kubadilishwa kwa jina la nchi kuwa Zaire mwaka 1971. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alipoanzisha kampuni ya Telecel mjini Kinshasa, na simu za mkononi zikaanza kuonekana mikononi mwa matajiri na wakubwa wa serikali, sheria iliyokuwapo ilikuwa bado ile ya 1940, ambayo watungaji wake hawakuweza kukiwazia chombo cha namna hiyo.

Mashariki mwa nchi hali ilikuwa nyingine. Huduma za serikali za posta na simu zilipodhoofika, misheni na wafanyabiashara walitegemea foni, yaani redio ya kupeana habari kutoka kituo hadi kituo. Mtu alifika kwa saa iliyopangwa, akasema neno lake, akangoja jibu. Foni haikuwa na siri: habari ya msiba, bei ya mchele na ombi la dawa vilisikiwa na kila aliyekuwa hewani. Lakini lugha yake ilikuwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo iliwatumikia watu.

Marekebisho makubwa yalikuja tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria namba 013/2002 ilichukua nafasi ya amri ya 1940 na kuwafungulia mlango wenye makampuni binafsi. Sheria namba 014/2002 ya siku hiyohiyo iliunda mamlaka ya kusimamia posta na simu, ARPTC. Ni vema kukumbuka kwamba siku hiyo nchi ilikuwa imegawanyika. Kasongo na Kabambare zilikuwa katika eneo la waasi wa RCD, na mapatano ya Pretoria yalitiwa saini miezi miwili baadaye, tarehe 17 Desemba 2002. Hivyo kwa mtu wa Wamaza sheria mpya ilizaliwa katika mji mkuu ambao amri zake hazikumfikia.

Sheria hiyo ilikuwa na sura mbili. Iliruhusu ushindani, lakini pia iliipa serikali uwezo wa kuzuia mawasiliano kwa sababu za usalama. Intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na ukimya huo ulidumu takriban majuma matatu. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 iliingiza mambo ya zama mpya pamoja na mfuko wa huduma kwa wote, unaokusudiwa kuyafikia maeneo yasiyovutia makampuni. Tarehe 13 Machi 2023 zikafuata kanuni za mambo ya kidijitali. Kati ya nyakati hizo, kuanzia 2020 hadi ilipofutwa 2022, ada ya kusajili simu iliyojulikana kama RAM ilikatwa moja kwa moja kwenye uniti za watumiaji: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za kisasa. Mtu aliona uniti zake zikipungua kabla hajaelezwa sababu kwa lugha yake.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa suala la haki. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 142, inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika muda wa siku 60 tangu itangazwe. Wajibu huo si mwepesi. Sheria ya 2002 ilitofautisha mkataba ambao dola humpa mwendeshaji wa mtandao, idhini ya mamlaka, na taarifa inayowasilishwa tu. Katika mazungumzo ya kila siku yote matatu huweza kuitwa *ruhusa*. Kinachoitwa *mtandao* vitabuni, msemaji wa mashariki mwa Kongo hukiita *rezo*. Mfasiri asiyejali tofauti hizo atamwachia mwenye kibanda cha simu maneno ya Kiswahili yasiyomwambia kama anahitaji mkataba, idhini, au barua ya kujulisha tu.

Kwa hiyo idara za Kiswahili zina kazi katika jambo linalodhaniwa kuwa la wanasheria na mafundi peke yao. Istilahi za sheria hizi zinapaswa kukusanywa, kupimwa kwa wasemaji wa Kasongo, Kabambare na Wamaza, kisha kuandikwa katika lugha inayoweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Barua ya tarishi ilitimiza sharti hilo. Sheria ya simu nayo inadaiwa hivyo, tena na katiba yenyewe.