Kutoka Jicho Linalovutwa hadi Jicho Linalojizuia: Historia Fupi ya Utafiti wa Umakini wa Kuona kwa Watoto

Insha hii inachunguza jinsi wanasaikolojia walivyoueleza ukuaji wa udhibiti wa umakini wa kuona kati ya mwaka 1890 na 2004. Hoja kuu ni kwamba kila mbinu ya upimaji ilizaa taswira yake ya mtoto. Kwa hiyo, kauli kwamba mtoto "hana umakini" haina budi kusomwa pamoja na jaribio lililoizaa.

William James, katika The Principles of Psychology (1890), alitofautisha umakini unaovutwa na kitu na ule unaoongozwa na nia, akauweka utoto upande wa kwanza. Maelezo hayo hayakutegemea vipimo vya macho ya watoto.

Robert Fantz, aliyechapisha matokeo mashuhuri nchini Marekani mwaka 1961, alimlaza mtoto mchanga chini ya picha mbili, kisha akachungulia tunduni kuona ni picha ipi iliyoakisiwa kwenye mboni. Wachanga walitazama zaidi picha zenye ruwaza kuliko zisizo nayo. Ikadhihirika kuwa jicho changa huchagua. Hata hivyo, kuchagua si kudhibiti.

Suala la udhibiti lilijitokeza wazi katika utafiti wa Eliane Vurpillot (1968) nchini Ufaransa. Watoto walionyeshwa michoro ya nyumba mbili zenye madirisha sita kila moja, wakaulizwa iwapo zinafanana, huku kamera ikinasa mwendo wa macho yao. Wakubwa walilinganisha dirisha kwa dirisha. Wadogo walitazama machache tu, kisha wakatoa jibu. Matokeo haya yana tafsiri mbili. Yamkini mtoto mdogo hawezi kuyaongoza macho yake. Au anaweza, ila kwake "kufanana" hakudai ukaguzi wa kila dirisha. Jaribio lenyewe halitoshi kuzitenganisha.

Mbinu ya Peter Hallett (1978) ilipunguza utata huo, ingawa awali ilitumika kwa watu wazima. Nukta hutokea upande mmoja, na mtazamaji huagizwa kutazama upande wa pili. Ilipotumiwa kwa watoto katika miaka ya 1990, wadogo walikosea mara nyingi, na makosa yakapungua kuelekea ujana. Lililo muhimu ni kwamba, baada ya kukosea, mara nyingi walihamishia macho upande sahihi. Agizo walilielewa, kilichopungua ni uwezo wa kujizuia. Beatriz Luna na wenzake (2004) walionyesha kuwa uwezo huo hukaribia kiwango cha utu uzima mnamo miaka 14, ilhali kumbukumbu tendaji huendelea kukomaa hadi takribani miaka 19.

Kwa hiyo, udhibiti wa umakini si uwezo mmoja unaofika siku moja. Kutojua cha kutafuta na kushindwa kujizuia ni mambo mawili, na anayempima mtoto bila kuyatenganisha humhukumu kwa kosa ambalo huenda si lake.