Asili ya Tiba ya Mwendo wa Macho
Mwaka 1987, Francine Shapiro, bibi wa Kimarekani aliyeiacha elimu ya fasihi akaandama ile ya nafsi baada ya kuugua saratani, alipokuwa akitembea bustanini huko California, alitanabahi kwamba fikira zilizomkera zilitulia kila macho yake yalipokwenda huku na huko kwa haraka. Hakuridhika na dhana: mwaka 1989 alitangaza majaribio yake ya tiba iliyozaliwa na tukio hilo, juu ya watu 22 waliosibiwa na misiba mizito. Ama kwa wenye hofu ya kukabili watu, wanaotetemeka mbele ya hadhara, matabibu watumiao tiba hii huitafuta fedheha ya awali, pengine ya darasani, na mgonjwa huikumbuka huku macho yakifuata kidole cha tabibu. Nami naiona njia hiyo kuwa ya insafu, ijapokuwa ushahidi wake kwa hofu ya namna hii ni haba, na wanazuoni wangali wakihitilafiana iwapo macho ndiyo yaponyayo.