Kadi ya harusi iliyochapwa sebuleni

Wadau, siku hizi hapa Ipyana mtu anachapa kadi za harusi sebuleni kwake. Watoto wanakata vibendera vya karatasi, shangazi anabandika kwa gundi, na ukumbi unapendeza. Tunaona ni jambo la kawaida. Ukipekua historia, si la kawaida hata kidogo.

Wamoraviani walifungua kituo cha misheni Ipyana mwaka 1894. Enzi hizo karatasi iliyochapwa ilitoka kwa wakubwa: misheni na serikali. Livingstonia, kusini mwetu katika Malawi ya leo, wamisheni walikuwa na matbaa yao. Mwananchi wa kawaida alialika watu kwa mdomo.

Kisha ikaja mashine ya stensili, aliyoibuni David Gestetner huko London miaka ya 1880. Nayo ikakaa ofisini na shuleni, si nyumbani. Mwaka 1974 serikali yetu ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo maana printa ya nyumbani ilichelewa kutufikia.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu kadi ndiyo inayoita mchango, na asiye na kadi aliomba kwa aibu. Tena kadi ya sebuleni, hata wino ukichuja, jina la bibi linaandikwa kama yeye mwenyewe anavyolitamka kwa Kinyakyusa. Hakuna karani wa kulipinda.

Leo wengi wanatuma mwaliko kwa WhatsApp. Sawa, ila mimi ya karatasi naitunza. Nyie mnasemaje?