Ratili Moja kwa Siku, Modak Ishirini na Moja

Wahudumu wa misaada wameniuliza swali moja mara nyingi, na wanauliza kwa adabu: kwa nini mtu ambaye mgao wake haufiki mwisho wa mwezi anauza sehemu ya unga ili anunue sukari na mafuta ya sikukuu? Jibu la haraka ninalo, ila halimtoshi mtu mwenye fomu ya kujaza. Basi leo nijibu kwa njia ndefu kidogo, kupitia chakula kimoja cha Wahindi kinachoitwa modak na mji mmoja unaoitwa Pune, magharibi mwa India.

Chakula hiki nimekijua jikoni. Kabla ya kuja hapa Kakuma nilifanya kazi ya upishi Nairobi, mtaa wa Ngara, kwa familia ya Kihindu yenye asili ya Maharashtra, jimbo ambalo Pune imo. Mama mzee wa nyumba ile sote tulimwita Aji, yaani bibi kwa lugha yao ya Kimarathi. Mimi ni Mkristo kutoka Uvira, na ibada yao haikuwa yangu. Lakini kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, ilipofika sikukuu ya Ganesha, yule mungu wao mwenye kichwa cha tembo, Aji aliniita asubuhi na mapema: "Binti, osha mikono, kazi imefika."

Kazi yenyewe iko hivi. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unaitia kwenye sufuria pamoja na sukari guru, ile ambayo hapa Kenya wengi huita sukari nguru, unakoroga kwa moto mdogo mpaka ikamatane, unatia iliki. Pembeni unachemsha maji yenye chumvi kidogo na samli, unamwaga unga wa mchele, unafunika, kisha unaukanda ungali moto. Hapo wengi hushindwa, kwani unga wa mchele hauna mnato wa ngano. Ukipoa tu unapasuka. Unachukua donge, unalifinyanga kama kikombe kidogo, unajaza ile nazi, halafu unafinya ukingo uwe marinda kama ya sketi ya shule. Marinda unayakusanya juu mpaka yakutane. Kikiisha, kinafanana na kichwa cha kitunguu saumu. Unakipika kwa mvuke juu ya jani la mgomba, dakika kumi hadi kumi na tano. Mbele ya sanamu ya Ganesha huwekwa 21, na baada ya sala zinagawiwa kwa kila aliyepo. Askari wa getini alikuwa Mwislamu, na fungu lake lilihesabiwa tangu mwanzo.

Kwa nini mchele na nazi? Kwa sababu Konkan, ukanda wa pwani ya Maharashtra, ndiko kwenye mpunga na minazi. Ukipanda milima kuingia bara, nchi inakuwa kavu. Huko modak nyingi ni za unga wa ngano, hujazwa nazi kavu, kisha hukaangwa kwa mafuta. Zote mbili ni modak. Kila upande ulichukua kile ardhi ilichowapa, na sikukuu ikabaki ileile.

Sasa njooni kwenye historia. Nchi hiyo kavu ya bara ndiyo iliyopigwa na njaa kubwa ya 1876 hadi 1878. Mvua zilikosekana, bei ya nafaka ikapanda, na watu waliokufa kusini na magharibi mwa India walikuwa mamilioni. India ilikuwa chini ya Waingereza. Januari 1877 serikali ilimtuma ofisa mkubwa, Sir Richard Temple, akague gharama za misaada. Temple huyu, miaka mitatu nyuma, aliagiza mchele mwingi kutoka Burma akaokoa watu wa Bihar, na wakubwa wakamlaumu kwamba ametumia pesa nyingi mno. Safari hii alikaza mkono. Mwanaume aliyekuwa akifanya kazi ngumu katika kambi za misaada, kuvunja mawe na kuchimba mifereji, alipangiwa ratili moja ya nafaka kwa siku, kama gramu 450, na sarafu ndogo ya kununulia kila kitu kingine. Dokta Cornish, mkuu wa afya huko Madras, alipinga akisema kipimo hicho hakiwezi kumtunza mtu anayefanya kazi. Baadaye mwaka huohuo kiliongezwa, lakini wengi walikuwa wameshakufa.

Katika jimbo la Bombay, ambako Pune ilikuwa, wafanyakazi wengi waliacha kambi wakaondoka badala ya kukubali kipimo hicho. Walioandika barua kwa serikali kwa niaba yao ni chama cha Pune kilichoanzishwa 1870, kinachoitwa Sarvajanik Sabha. Lishike hilo neno la kwanza. Sarvajanik maana yake "ya watu wote".

Miaka 16 baada ya ratili ya Temple, neno hilo lilirudi Pune kwa mlango mwingine. Zamani watawala wa Pune, akina Peshwa, waliadhimisha siku ya Ganesha kwa fahari. Waingereza walipowaondoa mwaka 1818, fahari ilipungua, na sikukuu ikabaki zaidi kitu cha nyumbani. Mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mhariri wa gazeti la Kesari, alikuwa mmoja wa walioitoa nje: sanamu mtaani, vikundi vya nyimbo, hotuba, maandamano ya watu wengi kwenda kuizamisha sanamu majini. Ikaitwa sikukuu ya sarvajanik. Serikali ilikuwa na macho makali juu ya mikutano ya siasa, lakini baada ya maasi ya 1857 Malkia alikuwa ametangaza, mwaka 1858, kwamba haitaingilia dini za watu. Kwa hiyo watu waliweza kukutana wengi wao kuliko mkutano wowote wa siasa, na wakizungumza huko walizungumza mengi.

Na mimi mpishi huongeza jambo ambalo vitabu hupita haraka. Mikusanyiko ile ilianzia majikoni. Tilak anatajwa. Waliokuna nazi hawatajwi, ingawa bila wao hakuna cha kugawia wageni.

Lazima niseme na upande mwingine, maana sisi tunaoishi bloku moja na makabila kumi tunaujua. Mwaka huohuo wa 1893 kulikuwa na ghasia mbaya Bombay kati ya Wahindu na Waislamu. Hapo nyuma Wahindu wengi wa Pune walikuwa wakishiriki maandamano ya Muharram ya jirani zao. Baada ya ghasia wakahimizwa waache, wawe na sikukuu yao. Kwa hiyo sikukuu ya "watu wote" iliwaunganisha wengi na ikawafungia wengine mlango. Sikukuu inaweza kufanya yote mawili. Inategemea fungu la askari wa getini limehesabiwa au halikuhesabiwa.

Sasa nirudi kwenye swali. Temple hakuwa mjinga wa hesabu. Alipima mtu mmoja, tumbo moja, siku moja. Fomu za siku hizi ni bora kuliko zake mara nyingi sana, nashukuru, lakini nazo hupima hivyohivyo: mtu mmoja, kadi moja. Nikiuza kilo mbili za unga ninunue sukari, ni kweli hesabu yangu inashuka. Ila mgao ukiisha tarehe ishirini, fomu hainikopeshi. Anayenikopesha ni jirani, na jirani huyo ndiye aliyekula kwangu Krismasi, nami nikala kwake Idi. Jirani Msomali ananipa kikombe cha mchele bila kuandika popote. Huo ndio mfuko wetu wa akiba, na sukari ya sikukuu ndiyo tunayowekea.

Sisemi kila anayeuza mgao anafanya vizuri. Wapo wanaouza wakanywa, na watoto wanalala njaa, sote tunawajua. Lakini msituweke wote kwenye mstari mmoja wa ripoti. Mulizeni mtu ameuza siku gani, na wiki inayofuata kuna nini.

Mimi hapa nazi siipati kwa urahisi, na ikipatikana bei yake hainihusu. Natumia njugu zilizokaangwa na kutwangwa, na sukari nguru. Upepo wa Kakuma unakausha donge kabla hujamaliza marinda, kwa hiyo nalifunika kwa kitambaa chenye maji na namwita mtoto wa jirani tufinye wawili. Mvuke naupata kwa chujio juu ya sufuria. Sizifanyii ibada, nazipika siku ya ubatizo, au mtu akipona. Mama mmoja wa Burundi alizionja akasema bora ungekaanga. Nikamwambia asante, watu wa bara wa Maharashtra wanakubaliana nawe.

Na kwa ndugu zetu wahudumu, ombi langu ni dogo. Mnapopanga tarehe za mgao, wekeni kando kalenda ya Idi, Krismasi, Pasaka na siku nyingine za watu wanaopanga foleni. Mgao ukichelewa siku tano, ni siku tano. Ukichelewa siku tano kabla ya Idi, kuna mtu atauza shuka lake, na mtamwandika kwamba hajui kutumia msaada.