Ua Lililoruka Ua

Wawindaji wa Kigiriama na Waata, katika nyika iliyo nyuma ya Malindi, waliijua sumu yao tangu mzizini. Mutsungu, mti wenye maua yanayonukia, ulichemshwa hadi ukatoa ujiuji mweusi mzito kama lami, ukapakwa kwenye mishale iliyoangusha hata ndovu. Jina lenyewe lilikuwa onyo: utsungu wa Kigiriama ndio uchungu wa Kiswahili.

Lantana, mmea mwingine wenye sumu, ilikuja bila onyo la aina hiyo. Asili yake ni Amerika ya joto. Waholanzi waliifikisha Ulaya katika karne ya 17, watunza bustani wakaichanganya mbegu hadi wakapata rangi tele, kisha enzi ya ukoloni ikaisambaza duniani. Huku Afrika Mashariki ilipandwa iwe pambo, tena iwe ua wa nyumba, kwa kuwa matawi yake husongamana na kuota miiba midogo. Lakini ndege shorewanda haulizi mpaka wa shamba. Alikula tunda, akaruka, akaidondosha mbegu kichakani. Siku hizi lantana imetanda kando ya njia za Kilifi na kwenye mashamba yaliyoachwa.

Kuitambua si kazi. Shina lina pembe nne. Majani hukwaruza kama msasa, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali. Maua hukaa kishada: machanga ya njano katikati, makongwe mekundu au ya waridi pembeni, maana kila ua hubadilika rangi kadiri linavyozeeka. Tunda bichi ni la kijani, bivu ni jeusi linalong'aa. Ni mmea mzuri kweli, na vipepeo wa Gede hunyonya nekta yake.

Taabu huja kiangazi. Nyasi zikikauka, ng'ombe, hasa mgeni asiyeizoea, huila kwa njaa. Sumu yake hushambulia ini. Macho huwa ya manjano, ngozi ya pua na masikio huungua juani na kuchunika. Mnyama anayekimbilia kivuli aachwe kivulini, na daktari wa mifugo aitwe mapema. Watoto nao wakatazwe tunda bichi.

Kwingineko wadudu walijaribiwa dhidi ya lantana: Hawaii ilianza kuipiga vita kwa wadudu kutoka Mexico mwaka 1902. Lakini nchini Uganda, katika miaka ya 1960, mdudu mmoja aliyeletwa kuila alionekana akishambulia ufuta wa wakulima.

Mwenye shamba Kilifi amebaki na jembe na panga. Panga peke yake halitoshi: kisiki kilichofyekwa huchipua tena masika yakianza, kwa hiyo hung'olewa na mizizi yake, kabla matunda hayajaiva.