Mbwa, Mama na Uvimbe wa Turkana

Ukitoka Kitale kwenda Lodwar, Kainuk ndipo Turkana inapoanza. Angalia boma lolote karibu na barabara: mama, mtoto, sufuria, na mbwa amelala mlangoni. Huyo mbwa ana historia ndefu kwenye maandishi ya madaktari, na mama ameandikwa humo pamoja naye.

Ugonjwa wenyewe ni haidatidi. Mnyoo mdogo sana, aina ya tegu, huishi kwenye utumbo wa mbwa. Mtu akimeza mayai yake, mara nyingi ini hujenga mfuko wa maji, na mfuko huo hukua polepole kwa miaka hadi tumbo linavimba kama la mjamzito. Kaskazini zaidi, kule Kakuma na Lokichoggio, watafiti wa miaka ya 1970 na 1980 walikuta wagonjwa wengi kuliko karibu kwingine kokote duniani. Mwaka 1983 AMREF ikaanzisha mpango wa kuudhibiti, na baadaye altrasaundi za kubebeka zikawafuata wafugaji hukohuko waliko. Jambo moja lilijitokeza wazi: wanawake waliugua kuliko wanaume.

Kwa nini? Jibu lililorudiwa ni mbwa. Mama hulala karibu naye, mbwa humlamba mtoto akijichafua, hulamba na vyombo. Watafiti walimwita mbwa mlezi. Na si uongo. Lakini sentensi hiyo, ukiisoma vizuri, inaishia kwa mama na tabia zake. Mbwa aliupata wapi huo mnyoo? Kwenye maini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ngamia waliochinjwa, na kuchinja hasa ni kazi ya wanaume. Na kwa nini mbwa aoshe mtoto? Kwa sababu maji yako chini ya mchanga wa lagga, na anayeyachimba na kuyabeba kichwani ni huyohuyo mama. Tabia, ama ukosefu wa maji? Mimi ningeanza na maji.

Halafu ikaja dawa. Kabla yake tiba ilikuwa hasa kisu, kwa wale waliofika hospitalini. Miaka ya 1980 albendazoli ikaanza kutumika, lakini ilidhuru mimba za panya na sungura maabarani, kwa hiyo wajawazito wakaambiwa wasubiri. Tahadhari hiyo naielewa. Baada ya watoto wa thalidomaidi, nani angethubutu? Ila tahadhari ilikuwa imeota mizizi mbali zaidi. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri wanawake wote wanaoweza kushika mimba wawekwe nje ya majaribio ya mwanzo ya dawa, hata kama hawana mpango wa kuzaa. Ushauri huo ulidumu hadi 1993. Kwa miaka 16, basi, mwili uliopimwa kwanza ulikuwa wa mwanamume, na wa mwanamke ukaja kukisiwa baadaye.

Sasa rudi kwa mama wa boma. Kozi ya albendazoli kwa uvimbe huu ni siku 28, mapumziko siku 14, kisha unarudia tena na tena kwa miezi. Weka kalenda hiyo kando ya kalenda yake: mimba, kunyonyesha, mimba nyingine, na kliniki iliyo mbali kwa miguu. Mumewe anaweza kuanza kumeza leo.